Nafasi kama Matini: Mpangilio wa Mishororo kutoka Miswada ya Unguja hadi Kitabu cha Kielektroniki

Mwandishi wa mswada kwa hati ya Kiarabu aliweza kuujaza mstari kwa kurefusha viungo vya herufi. Mpiga chapa wa herufi za Kirumi huujaza kwa kutanua nafasi baina ya maneno. Njia zote mbili zilikutana Unguja: Sultani Barghash (1870–1888) alianzisha matbaa ya Kiarabu, ilhali Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, alichapisha Kiswahili kwa Kirumi.

Katika mshororo wa mizani 16, pengo baina ya vipande viwili huonesha kina cha kati. Matini inapogeuzwa kuwa kitabu cha kielektroniki, nafasi zilizorudiwa hufinywa kuwa moja. Pengo hutoweka, na kina hufichika machoni. Kwa hiyo, mhariri aliweke pengo hilo kwa alama ya kudumu.