Mizani ya Mashabiki: Rolling Stones na Albamu za Uzeeni

Tangu miaka ya 1980, kila albamu mpya ya Rolling Stones imepokewa kwa hukumu ambayo wapenzi wa muda mrefu wa bendi hiyo huweza kuibashiri kabla hata santuri haijafika dukani, yaani kwamba hii ndiyo bora kuliko zote tangu Some Girls ya mwaka 1978, au angalau tangu Tattoo You ya mwaka 1981. Waandishi wa magazeti wameirudia hukumu hiyo kwa albamu nyingi kiasi kwamba mashabiki wenyewe wameigeuza utani, ingawa utani huo haujawazuia kuitumia tena. Anayeisikia hudhani kwamba nyuma yake ipo mizani ya kale, iliyokuwapo tangu bendi ilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika klabu ya Marquee mjini London mwezi Julai 1962; lakini mizani hiyo iliundwa baadaye sana, na walioiunda ni pamoja na vituo vya redio, kampuni za santuri na majarida, wala si masikio ya mashabiki peke yake.

Katika muongo wake wa kwanza bendi haikuwa na haja nayo. Rekodi zilitoka karibu kila mwaka, wanunuzi walikuwa rika moja na wapigaji, na roki, muziki uliochipuka kutoka katika bluzi ya Wamarekani Weusi na kuongezewa kishindo cha gitaa la umeme na dramu, ilihesabiwa kuwa shughuli ya ujana ambayo mtu angeiacha akishapata familia. Swali la iwapo Mick Jagger na Keith Richards, wote wawili waliozaliwa Dartford mwaka 1943, wangeweza kutoa kazi nzuri uzeeni halikuulizwa, kwa kuwa haikutarajiwa wawe bado kazini. Albamu ilipotoka ililinganishwa na ile iliyoitangulia, au na za washindani, kisha ikaipisha nyingine.

Mfano unaofunza zaidi ni Exile on Main St., albamu ya santuri mbili iliyotolewa mwezi Mei 1972, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa mwaka uliotangulia katika vyumba vya chini ya ardhi vya jumba la Nellcôte, huko Villefranche-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, ambako wanabendi walikuwa wamehamia kuikimbia kodi ya Uingereza. Iliongoza chati, yaani orodha ya mauzo ya kila wiki, katika Uingereza na Marekani pia, lakini wahakiki waligawanyika; Lenny Kaye, akiandika katika jarida la Rolling Stone, aliyasifu mengi ndani yake, ila akaona kwamba albamu kuu ya utu uzima wa bendi hiyo ilikuwa bado haijaja. Wapo waliolalamika kwamba sauti ya Jagger imezama chini ya ala na kwamba nyimbo zimezidi. Miaka 31 baadaye jarida hilohilo liliipa nafasi ya 7 katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote, na ule ukungu wa sauti uliolaumiwa ukawa ndio hasa mashabiki wanaoukosa katika kila kazi mpya. Shabiki anayesema leo kwamba albamu fulani haifiki kwa Exile anatumia kipimo ambacho wasikilizaji wa mwaka 1972 hawakuwa nacho, na huenda naye angeikataa Exile iwapo ingetolewa wiki hii.

Kilichobadilika katikati ni mazingira ya usikilizaji. Katika miaka ya 1980 redio za FM za Marekani zilianza kutenga vituo vizima kwa ajili ya roki ya zamani, mpangilio wa matangazo unaorudia nyimbo teule za miaka ya 1960 na 1970 kwa watu waliokuwa vijana wakati huo na ambao sasa walikuwa na mishahara ya kuwavutia wenye biashara. Wakati huohuo CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, Ulaya na Marekani zikifuata mwaka 1983, iliwafanya watu wanunue upya muziki waliokuwa nao tayari kwenye santuri, na majarida ya Uingereza kama Q, lililoanzishwa mwaka 1986, na Mojo, lililofuata mwaka 1993, yakapata wasomaji wengi waliovuka ujana na kuwaongoza katika ununuzi huo. Matokeo yake ni kwamba albamu mpya ya bendi kongwe ilijikuta kwenye rafu moja na kazi bora za bendi hiyohiyo, zikiwa zimesafishwa sauti na kuandikiwa maelezo ya kihistoria, na mteja mwenye fedha ya kununua moja alilazimika kuchagua.

Tattoo You yenyewe, inayotajwa na wengi kuwa ya mwisho kati ya zile kubwa, ilitokana kwa sehemu kubwa na mabaki. Jagger na Richards walikuwa hawaelewani vizuri, ziara ya mwaka 1981 ilikuwa mlangoni, na fundi sauti Chris Kimsey akapewa kazi ya kupekua kanda za miaka iliyopita kutafuta nyimbo zilizoachwa njiani. Baadhi zilianzia katika vikao vya Goats Head Soup vya mwaka 1972, na Start Me Up, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa nyimbo zao mashuhuri kupita zote, ulikuwa umejaribiwa mara nyingi kwa mtindo wa rege na kuwekwa kando. Maneno na ala vikaongezwa, nyufa zikazibwa, na kazi ikapokewa kama mpya. Mstari ambao mashabiki huuchora mwaka 1981 kati ya enzi ya ubora na enzi ya kushuka unapita, kwa hiyo, juu ya albamu iliyokuwa tayari inakula akiba. Jambo hilo lilirudiwa waziwazi mwaka 2010, pale Exile ilipotolewa upya pamoja na nyimbo za ziada ambazo ala zake nyingi zilikuwa za zamani lakini sauti ya Jagger katika baadhi yake iliimbwa upya karibu miaka 40 baadaye. Toleo hilo lilipanda hadi kileleni mwa chati ya Uingereza, mahali ambapo A Bigger Bang ya mwaka 2005, yenye nyimbo mpya tupu, haikufika.

Mwaka 1989, baada ya ugomvi wa miaka kadhaa, Jagger na Richards walipatana na kutoa Steel Wheels. Jagger alikuwa na miaka 46, umri ambao waandishi wa wakati huo waliuona mkubwa kiasi cha kulifanyia jina la albamu mzaha wa viti vya wagonjwa vya magurudumu. Ziara iliyofuata, chini ya promota Mkanada Michael Cohl, iliweka tiketi, fulana na udhamini katika mkono mmoja, na tangu hapo faida kubwa ikawa viwanjani badala ya madukani: ziara ya A Bigger Bang, ya mwaka 2005 hadi 2007, iliingiza zaidi ya dola milioni 550. Mashabiki waliielewa hesabu hiyo upesi, na tuhuma kwamba albamu mpya ni tangazo la ziara ikaingia katika upimaji wao. Iliongezwa na lawama ya urefu, ambayo chanzo chake ni cha kiufundi zaidi ya kisanii, kwa kuwa upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika 20 na kitu za muziki, ilhali CD hubeba zaidi ya saa nzima, na bendi zilijiona zina wajibu wa kuijaza. Voodoo Lounge ya mwaka 1994 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki, na bado wapenzi wengi huiona nzuri ambayo ingekuwa bora kama ingepunguzwa nyimbo kadhaa. Hapo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mashabiki wako sahihi.

Wahakiki hawakusaidia sana. Nyota tano ambazo Jann Wenner, mmiliki wa Rolling Stone wakati huo, aliipa mwaka 2001 albamu ya Jagger peke yake, Goddess in the Doorway, ziliwashangaza hata waliompenda mwimbaji huyo, na tangu hapo sifa za jarida hilo kwa wakongwe zimesomwa na wengi kwa jicho la pembeni.

Zipo bendi zilizoamua kuikwepa mizani. Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na kufariki mwaka 1991, ilitoa Made in Heaven mwaka 1995 kwa kutumia sauti alizoziacha, na mwaka 2008 Brian May na Roger Taylor wakajaribu nyimbo mpya pamoja na mwimbaji Paul Rodgers katika The Cosmos Rocks, iliyopokewa kwa ubaridi. Baada ya hapo waliendelea kujaza viwanja pamoja na Adam Lambert bila kutoa albamu ya studio. Ni uamuzi wa busara kibiashara, ingawa unawanyima mashabiki haki yao ya kubishana.

Rolling Stones walirudi mezani kwanza kwa Blue & Lonesome ya mwaka 2016, albamu ya nyimbo za bluzi za watu wengine iliyorekodiwa kwa siku tatu, ambayo ilisifiwa kwa urahisi kwa sababu haikuwa na wimbo wao wa zamani wa kushindana nao. Mpiga dramu Charlie Watts alifariki mwezi Agosti 2021, na Hackney Diamonds, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya katika miaka 18, ikatoka mwezi Oktoba 2023 Jagger akiwa na miaka 80. Ile hukumu ya miaka yote ilitolewa upya, na safari hii ubishi ulihamia kwa mtayarishaji Andrew Watt, aliyezaliwa mwaka 1990: wengine walimshukuru kwa kuwaharakisha wazee na kuifupisha albamu hadi nyimbo 12, wengine wakamlaumu kwa sauti iliyobanwa na kung'arishwa kupita kiasi, wakizitaja nyimbo mbili ambazo Watts alizirekodi kabla ya kifo chake kuwa ndizo pekee zenye mwendo wa Rolling Stones. Katika ziara ya Amerika Kaskazini ya mwaka 2024, iliyodhaminiwa na AARP, jumuiya ya Wamarekani wenye miaka 50 na zaidi, nyimbo za albamu hiyo zilipewa nafasi chache tu kila usiku, na maonyesho yakafunguliwa kwa Start Me Up.