Nani Kamwaga? Safari ya Neno "Spillover"

Ukifanya kazi ya kutafsiri habari za nje, kuna neno moja la Kiingereza litakusumbua kila wiki: "spillover". Leo liko kwenye habari ya vita, kesho kwenye uchumi, keshokutwa kwenye ugonjwa. Njia ya mkato ni kuandika "athari" na kusonga mbele. Lakini neno hili lina historia, na ukiifuata utaona kuna mtu linamficha.

Mzizi wake ni kitenzi "spill". Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilimaanisha kuua, kuangamiza, kuharibu. Baadaye kikasogea kwenye kumwaga damu, na kutoka kwenye damu kikahamia kwenye maji, maziwa na kila kitu kinachomwagika. Kwetu pia damu humwagwa, na ukisikia fulani kamwaga damu unajua si habari ya kujikata na kisu cha jikoni. Muhimu ni kwamba zamani hizo mtendaji alikuwepo. Mtu aliua. Mtu alimwaga.

Nomino yenyewe, "spillover", ni ya karne ya 20, na ndani yake mtendaji akaanza kupotea.

Tuanze na wachumi. Mwaka 1920, Arthur Pigou wa Cambridge alichapisha The Economics of Welfare. Humo anaeleza hasara zinazomfika mtu asiyehusika kabisa na biashara iliyozisababisha. Mfano wake mmoja ni cheche za garimoshi zinazounguza misitu kandokando ya reli. Kampuni inahesabu nauli, mwenye msitu anahesabu majivu. Kwa Pigou, anayeleta hasara kama hiyo abebeshwe gharama yake, kwa kodi kwa mfano.

Mwaka 1960 Ronald Coase akaligeuza swali. Mfano wake ni wa ng'ombe wanaoingia shamba la jirani na kula mazao. Msomaji wa Kilosa au Kiteto hahitaji kufafanuliwa. Coase anasema ukimzuia mfugaji umemuumiza yeye, ukimwacha umemuumiza mkulima, kwa hiyo tuulize hasara ipi ni kubwa zaidi. Kama kupatana kungekuwa hakuna gharama, wangefika mahali pamoja yeyote ambaye sheria ingempa haki. Ila kupatana kuna gharama, tena kubwa, na ndiyo maana sheria ina uzito. Hoja ina akili sana, na mwaka 1991 Coase alipata Tuzo ya Nobel. Lakini angalia kilichotokea: swali la "nani kamwaga?" limepoa.

Huko kwenye siasa neno likavaa nguo nzuri. Mwaka 1958 Ernst Haas aliandika The Uniting of Europe, kuhusu nchi sita zilizoanza kwa kuunganisha makaa ya mawe na chuma. Kwa Haas, ushirikiano katika sekta moja "unafurika" hadi sekta nyingine, mpaka siasa nayo inafuata. Afrika Mashariki tulikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja, na Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967. Baada ya Idi Amin kupindua serikali mwaka 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kilichofurika kilikuwa ugomvi, na ugomvi huo ulikuwa na wenyewe.

Leo neno limeshikwa zaidi na watu wa magonjwa: kirusi kinapotoka kwa mnyama na kumwingia binadamu. Chukua kirusi cha Nipah, Malaysia, mwaka 1998 na 1999. Zaidi ya watu 100 walikufa, na nguruwe wapatao milioni moja wakauawa kuzuia maambukizi. Habari fupi inasema kirusi "kilimwagika" kutoka kwa popo. Habari ndefu inasema miembe ilipandwa karibu na mabanda ya nguruwe, popo wakaja kula maembe, mabaki yakadondokea bandani. Popo hakupanda mwembe.

Hapa sarufi yetu inasaidia. Kiswahili kinatenganisha kumwagwa na kumwagika. Ukisema maji yamemwagwa, msikilizaji atauliza: na nani? Ukisema yamemwagika, swali hilo halina pa kukaa. Huwezi kusema "yamemwagika na Juma". "Spillover" ni ndugu wa kumwagika. Kuna wakati inafaa, maana mto ukifurika kwa mvua hatuna wa kumshtaki. Lakini vita havinyeshi, na kiwanda hakijijengi.

Wahenga walilijua jambo hili bila nomino: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo inamtaja anayeumia, na inawataja wapiganaji pia. Neno la Kiingereza linabaki na nyasi tu, tembo hawaonekani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba vita vya nchi fulani "vimeleta athari" kwa jirani, jaribu sentensi yenye kumwaga. Itakudai jina. Kama jina lipo, liandike. Kama kweli halipo, basi kumwagika kunatosha.