Mchagua Jembe Ndiye Mkulima



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Walimsema mvivu, yule anayeshika jembe hili na kuliacha, anashika lile na kuliacha, hata jua linampata bado yuko kivulini. Kwa mvivu maneno hayo ni kweli tupu. Lakini wako wenzetu walioyachukua vibaya. Msimu wa kahawa ukiisha wanakwenda dukani, wananyakua shoka la bei ya chini kuliko yote, au wanakimbilia mashine ya bei kubwa kuliko zote, bila kuuliza lolote. Baada ya miezi michache shoka limepinda, mashine imelala uvunguni, na pesa ya mwaka mzima imekwenda.

Leo basi tuzungumzie zana za kutunza shamba la miti na boma la nyumbani. Tutapitia historia yetu wenyewe, kwa sababu historia hiyo inatufundisha swali moja ambalo kila mnunuzi anapaswa kuliuliza: zana hii ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa kitu gani?

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya majembe ya meli, chuma kilitoka katika udongo wetu. Kaskazini yetu, katika milima ya Ludewa, Wapangwa walijulikana kwa ufundi wa chuma, na mawe ya chuma ya Liganga yapo huko hadi leo. Ng'ambo ya pili, Daktari Livingstone alipopita bonde la mto Shire na kufika Ziwa Nyasa mwaka 1859, aliwakuta Wamang'anja wakiyeyusha chuma na kufua mashoka na majembe yao wenyewe. Kazi ilikuwa hivi: mawe ya chuma yalichomwa kwa makaa ndani ya tanuri la udongo, mivukuto ikapuliza, na bonge la chuma lililopatikana likafuliwa tena na tena mpaka takataka zikatoka. Ilikuwa kazi nzito, na ndiyo maana jembe lilikuwa mali. Katika sehemu nyingi za nchi yetu lilitolewa hata kuwa mahari.

Tazama sasa lilivyotengenezwa. Jembe la zamani lilikuwa na mkia uliochongoka, ukachomekwa katika kichwa kinene cha mpini. Mpini ukivunjika, unakwenda porini, unakata mwingine, kesho yake unalima. Ubapa ukilika, mhunzi anaurudisha motoni na kutoa kisu au mundu. Zana ile ilikuwa na fundi wake, na fundi alikuwa jirani.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini, na vita vikawasukuma Wamatengo wengi kujificha milimani. Huko watu walisongamana penye miteremko mikali, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo wote unashuka bondeni. Wazee wetu hawakukata tamaa. Walilima ngoro. Unaijua kazi hiyo kuliko mimi: nyasi zinafyekwa, zinapangwa kwa mistari inayokatana hadi inafanya miraba, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunika zile nyasi. Panabaki shimo la kuzuia maji, na matuta yenye mbolea ya majani yaliyooza. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya utafiti juu ya kilimo hiki hapa Mbinga, na wakakisifu kwa kuhifadhi ardhi.

Sasa angalia zana za ngoro. Ni nyengo ya kufyekea, kazi iliyokuwa ya wanaume, na jembe la mkono, ambalo kwa kawaida lilishikwa na akina mama. Basi. Zana mbili tu, lakini kila moja inafaa mteremko, inafaa mkono wa anayeishika, na inafaa kazi yake. Hakuna trekta lililowahi kulima ngoro. Tusisahau pia kwamba jembe hilo linainamisha mgongo wa mama siku nzima. Kwa hiyo anayechagua jembe la nyumba na awe yule atakayelishika.

Baadaye, enzi za Wajerumani na Waingereza, yakaingia majembe ya kiwandani kutoka Ulaya. Wazee wengi wanayakumbuka yale yenye picha ya mamba, yaliyotengenezwa na kampuni ya Chillington ya mjini Wolverhampton, Uingereza. Yalikuwa rahisi kupatikana, na chuma chake kilikuwa kizuri. Matanuri ya kienyeji yakazimika moja baada ya jingine. Hata hivyo wahunzi hawakufa wote. Waligeukia vyuma chakavu, hasa springi za magari, na hadi leo panga na shoka la springi ni miongoni mwa zana ngumu unazoweza kuzipata sokoni.

Sasa sikiliza kisa cha zana kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, huku huku kusini. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wakaleta matrekta mengi, mengine mabovu yaliyobaki vitani. Yalipofika porini yalikutana na mizizi migumu, mibuyu, na udongo unaokuwa kama saruji wakati wa kiangazi. Mafundi walikuwa wachache na vipuri vilikuwa mbali. Kabla mwaka huo haujaisha, sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imelala. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Ndugu mkulima, wale hawakukosa pesa wala elimu. Walikosa jibu la swali letu: ikiharibika, nani ataitengeneza?

Baada ya Uhuru, nchi ilitaka kutengeneza zana zake yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa China, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, yaani UFI, kilianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Kisha miaka ya 1980 kikaja kiwanda cha Mbeya, ZZK. Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba, na fedha za kigeni zikawa haba. Jembe na panga vikawa vitu vya kupangia foleni. Wakati huo ndipo wengi waliporudi kwa mhunzi wa kijiji. Aliyekuwa na tupa na jiwe la kunolea alilima na jembe la zamani. Asiyekuwa nayo alihangaika.

Leo hali ni tofauti. Maduka yamejaa, na taabu yetu si uhaba tena, ni kuchagua. Vilevile miti imebadilika. Milima iliyokuwa mitupu sasa ina mashamba ya mikaratusi na misindano, na katikati ya kahawa kuna migrevilea. Miti hiyo ni benki yako, na zana mbaya huivunja benki hiyo.

Nitakueleza kwa nini. Mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua tena, nawe huna haja ya kupanda upya. Lakini ukiukata kwa shoka butu, gome likachanika na kisiki kikapasuka, maji yanaingia na kisiki kinaoza. Kata chini, kama sentimeta 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa msumeno mkali, na uache kisiki kimeinama kidogo ili mvua isituame juu yake. Msindano wetu, ukishakatwa, hauchipui. Huo utaupanda upya. Matawi yake yapogoe kwa msumeno mdogo, si kwa panga, kwa maana panga linaacha vidonda vinavyoharibu mbao. Na kahawa vilevile, tumia mkasi wa kupogolea.

Ukifika dukani basi, fanya hivi.

Kwanza, gonga ubapa wa jembe au shoka kwa jiwe dogo. Chuma kizima hulia kwa sauti safi. Kikilia kwa sauti iliyokufa, huenda kina ufa, kiache.

Pili, nenda na tupa yako, umwombe mwenye duka ruhusa ya kujaribu makali. Tupa ikiteleza kabisa, chuma ni kigumu mno na kitamomonyoka. Ikila kama inakula risasi, chuma ni laini na hakitashika makali. Chema ni kile ambacho tupa inakishika kidogo kidogo.

Tatu, tazama tundu la mpini. Liwe limenyooka na ubapa, la sivyo kila pigo litakwenda upande. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka, na nyuzi zake ziende moja kwa moja mpaka mwisho.

Nne, usitoke dukani bila tupa. Mkulima mwenye panga la kawaida na tupa nzuri anamshinda mwenye panga la fahari lisilonolewa.

Na chenso je? Ni mashine nzuri. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza ya umeme mwaka 1926 na ya petroli mwaka 1929, na tangu hapo imewapunguzia watu kazi kubwa. Lakini piga hesabu. Ikiwa una ekari moja ya miti unayovuna mara moja baada ya miaka kadhaa, mashine itakaa bure huku ikidai mafuta, mnyororo, plagi na fundi. Msumeno wa watu wawili, kabari na shoka vinakutosha. Ikiwa mko kumi wenye miti, nunueni pamoja au mkodishe, mkihakikisha kwanza kwamba vipuri vinapatikana Mbinga mjini au Mbamba Bay, siyo Dar es Salaam. Pia muulize afisa misitu taratibu za kumiliki na kutumia chenso kabla ya kulipa hata senti.

Na usalama: kwenye mteremko simama upande wa juu wa gogo, chonga kwanza upande mti unakotakiwa kuangukia, andaa njia ya kukimbilia, na usifanye kazi hiyo peke yako wala ukiwa umekunywa. Mti hauna msamaha.

Ndugu mkulima, mwenye kuchagua ili asilime, huyo kweli si mkulima. Lakini mwenye kuchagua ili alime miaka kumi kwa jembe lile lile, huyo ndiye mkulima. Kesho, kabla hujashuka shambani, zitoe zana zako zote uani. Tenga zinazotaka kunolewa, zinazotaka mpini na zinazotaka kwenda kwa mhunzi. Huenda ukaona kwamba nusu ya ulichotaka kununua tayari unacho nyumbani.

Shime, tunoe kwanza, tununue baadaye. Kazi njema.