Ngitili, Pipa na Betri

Kila chombo cha safari kina chakula chake, na historia ya vyombo katika nchi yetu hii ya Usukuma, kuanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita, ni historia ya chakula hicho kuliko ya vyombo vyenyewe. Watu hukumbuka mwaka ambao gari la kwanza liliingia kijijini kwao. Wachache hukumbuka ni nani aliyekuwa akitunza petroli yake. Siku hizi vijiweni mazungumzo ni ya pikipiki na magari yanayokwenda kwa umeme, na kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi, watu huniuliza kama vitu hivi vitafaa huku kwetu. Jibu langu huanzia mbali, na baadhi ya wanaouliza huaga kabla sijafika. Msomaji naye ana hiari hiyo.

Naanza na ng'ombe. Kabla ya injini yoyote, mzigo wa Msukuma ulikwenda kichwani, mgongoni mwa punda, na baadaye kwenye mkokoteni wa maksai. Maksai hula nyasi, na Shinyanga ni nchi ya kiangazi kirefu. Ikifika Septemba ardhi huwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Wazee walikuwa na dawa yake, nayo ni ngitili. Mvua zikianza, kaya au kijiji kilitenga eneo ambalo hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuingia. Nyasi ziliota, zikakomaa, zikakauka zikiwa zimesimama, na katikati ya kiangazi ndipo lilipofunguliwa, kwa zamu na kwa taratibu, wakianza maksai wa kulimia, ndama na wagonjwa. Aliyechunga humo kwa wizi alitozwa faini na wazee. Jua la masika lilihifadhiwa ndani ya nyasi likatumika miezi sita baadaye. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986 nchi ikiwa imekwisha kuwa jangwa la kujitakia, ulifanikiwa hasa kwa sababu ulirudi kwenye ngitili badala ya kuleta kitu kipya kutoka vitabuni.

Baiskeli peke yake haikuhitaji ghala, maana chakula chake ni ugali wa mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sababu iliyoifanya Shinyanga kuwa mji wa baiskeli kuliko miji mingi ya Tanzania. Ardhi ni tambarare, pamba ikiuzwa pesa zinapatikana kwa mkupuo, na mkulima akishanunua Raleigh au Phoenix yake hadaiwi tena na mtu barabarani. Nimeona baiskeli ikibeba magunia mawili ya mkaa, nimeona ikibeba jeneza. Sijaona ikisubiri mafuta.

Gari ndilo lililosubiri. Reli ya kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928, na mafuta yakaanza kuja kwa garimoshi, lakini kati ya stesheni na kijiji palikuwa na mwenye pipa. Pampu ya mkono, mpira, debe na daftari la madeni: hiyo ilikuwa benki ya barabara. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulikuwa na matangi yake, mitambo yake ya umeme na uwanja wake wa ndege, nyuma ya uzio wake. Sisi wa nje tulikuwa na pipa. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, na zaidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, tukajua maana ya kuwa nje. Magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, petroli ikawa ya kibali, na lori likikosa dizeli pamba ililala kwenye maghala ya vijijini ikingoja. Mwenye pipa alisalimiwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Hata leo, kwenye njia za wachimbaji wadogo ambako hakuna kituo cha mafuta, utaona chupa za petroli zimepangwa juu ya meza kama soda. Ni pipa lile lile, limegawanywa.

Hapa naomba tutoke kidogo nje ya Usukuma, kwa sababu watu wengi huamini kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1897 teksi za umeme zilikuwa zikibeba abiria London. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa kwenye gari la umeme, na hakuna aliyekuwa amefika mwendo huo barabarani kabla yake kwa injini ya aina yoyote. Kule Marekani, karibu mwaka 1900, magari ya umeme yalikaribia theluthi moja ya magari yote. Yalikuwa kimya, hayakutoa moshi, na hayakumvunja mtu mkono kwa kuzungusha hendeli. Kwa nini basi yalishindwa? Hutajwa gari la bei nafuu la Ford la mwaka 1908, na kifaa cha kuwashia injini bila hendeli kilichoanza kutumika kwenye Cadillac mwaka 1912. Mimi naongeza debe. Petroli huweza kumiminwa kwenye debe ikapelekwa popote penye njia ya punda. Umeme wakati ule ulikuwa wa mjini, na mkulima wa Marekani hakuwa nao. Gari la umeme lilishindwa kwa kukosa ngitili shambani.

Umeme ulikuja kubebeka baadaye, na kwa hilo watu wetu hawakuhitaji kufundishwa. Nakumbuka vizuri miaka ya 1980 na 1990, betri ya gari ikifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, ikiendeshwa polepole asije asidi akamwagika, kutoka kijijini hadi kwa fundi mwenye jenereta au umeme wa mjini. Iliachwa asubuhi, ikachukuliwa jioni au kesho yake, na kijijini ikawasha redio kubwa au televisheni ya kibanda cha video. Fundi alikuwa na betri kumi, ishirini, zimepangwa sakafuni, kila moja ina jina la mwenyewe kwa chaki. Zilipokuja simu za mkononi, biashara ile ile ikahamia kwenye ubao wa soketi, simu moja kwa shilingi mia mbili au tatu. Kwa hiyo nikisikia kwamba Waafrika hawajazoea kuchaji vyombo, nacheka. Tumechaji kabla hatujawa na umeme.

Umeme wenyewe ulipita njia ya ajabu kutufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 laini kubwa ya gridi, iliyotoka kwenye maji ya Kidatu na Mtera, ilifika Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2001 mgodi wa Bulyanhulu ulipofunguliwa, laini ya kilovolti 220 ilikuwa imevutwa kuufikia kutoka Shinyanga, ikipita juu ya vijiji ambavyo jioni viliwasha koroboi. Ukisimama chini ya nyaya zile siku ya unyevu utazisikia zikinguruma. Geita, ambako mgodi wa kikoloni ulifungwa mwaka 1966 na mpya ukafunguliwa mwaka 2000, dhahabu ilichimbwa kwa zaidi ya miaka 20 kwa umeme wa dizeli uliofuliwa mgodini humo humo. Laini kubwa kutoka Bulyanhulu ilifika Geita mwanzoni mwa miaka ya 2020 tu. Vijiji vilianza kupata nguzo kwa juhudi za Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005. Hata hivyo nguzo kuwapo si sawa na umeme kuwapo: mgao wa 1994, wa 2006, wa 2011 na wa 2023 ulitukumbusha kwamba bwawa nalo ni ngitili, na ngitili huisha. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024 hali imekuwa nyingine. Treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka huo, na tuta la reli hiyo linajengwa kati ya Mwanza na Isaka.

Kuhusu motokaa nitasema machache. Wapo wanaotamani kuagiza kutoka Japani gari la umeme lililotumika, na Nissan Leaf ndilo linalotajwa zaidi. Lile la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2010, lilikuwa na betri ya uniti 24, na katika vipimo vya Marekani lilikwenda kilomita 117 likiwa jipya. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160. Gari lililokwisha kuzeeka huko Japani litalala Mabuki pamoja na mitamba ya serikali, na mwenyewe ataomba soketi kwa mtu asiyemjua, akae usiku kucha. Safari ya kuvuka Daraja la Magufuli pale Kigongo, lililofunguliwa Juni 2025, kwenda Geita na kurudi, aiache kwa wenye dizeli mpaka mtu aweke mtambo wa kuchajia njiani.

Jambo la magurudumu mawili ni jingine, na hapo ndipo ninapokuwa na shauku. Kigali walianza mwaka 2019 kubadilishana betri vituoni: dereva anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Nairobi wamefuata. Betri si yake, ni ya kituo, kama mtungi wa gesi. Kwetu hakuna kituo kama hicho Geita, ingawa nikeli ya Kabanga, iliyo magharibi yetu kule Ngara, inatajwa kwa ajili ya betri za dunia, na mpango upo wa kuisafisha Kahama, penye mgodi wa Buzwagi uliokoma. Naiombea heri mipango hiyo. Wakati huo huo mpwa wangu ana pikipiki.

Kijana huyu anaendesha bodaboda mjini Geita, na kwa miaka aliendesha ya mkataba, akipeleka hesabu kwa tajiri kila wiki. Mkataba ulipoisha pikipiki nayo ilikuwa imeisha. Akaja kwangu na habari za pikipiki ya umeme aliyoiona Mwanza, tukakaa na daftari. Petroli alikuwa akitumia lita tatu kwa siku, na tangu mwaka 2022 lita moja ilipovuka shilingi 3,000 mtu anajua hiyo ni pesa ngapi. Betri ile hunywa uniti tatu. Kwa bei ya TANESCO iliyowekwa mwaka 2016, uniti moja ni shilingi 292 kabla ya kodi, kwa hiyo kujaza betri hakufiki bei ya nusu lita. Muuzaji alisema itakwenda kilomita 80. Nilimwambia mpwa wangu aandike 60, kwa sababu ya abiria na vilima vya Geita. Hata hivyo hesabu ilikubali, akichaji usiku na mara moja tena mchana. Akauza ng'ombe watatu wa mama yake, kwa ridhaa yake, akanunua.

Ambacho daftari halikuonyesha ni nyumba ya kupanga. Vyumba sita, mita moja ya LUKU, wapangaji huchanga. Nyumba yao ilikuwa na taa, redio na simu tu, haikufikisha uniti 75 kwa mwezi, na kwa hiyo ilikuwa kwenye ile bei ya wanyonge, shilingi 100 kwa uniti. Uniti tatu kila usiku ni 90 kwa mwezi. Nyumba nzima iliondolewa kwenye bei hiyo, na mjane wa chumba cha pili, mwenye taa moja, akajikuta analipia uniti karibu mara tatu kwa sababu ya pikipiki ya jirani. Mpwa wangu alijitolea kulipa LUKU yote. Mama mwenye nyumba alikataa.

"Mwanangu, leo unalipa, kesho umehama, bei inatubakia sisi. Hapa tunachaji simu."

Alinipigia akiwa na hasira. "Shikamoo mjomba. Sasa kosa langu ni lipi?" Nilimwambia kosa halipo, lakini mama yule ana haki, kwa kuwa ngitili ya watu wote imechungwa na ng'ombe wa mtu mmoja. Hakupenda mfano huo. Ni kijana wa mjini.

Akapata mahali Nyankumbu, kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu, ambaye zamani alichaji betri za magari. Anaiacha betri jioni, anaichukua alfajiri, kwa shilingi 2,000, na mchana hivyo hivyo akiwa amepumzika kula. Ni karibu mara mbili ya gharama ya umeme wenyewe, na bado ni chini ya nusu ya petroli yake ya zamani. Bodaboda wengine wawili wamekwenda kuuliza. Nilipopita mwezi uliopita nilikuta mzee ameomba mita ya pili, na betri ya mpwa wangu iko sakafuni, ina jina lake kwa chaki.