Bagika na Bagalu: dawa peke yake haijazi uwanja

Mimi ni mtoto wa Sengerema, kwa hiyo nikisikia mtu anasema ngoma za mashindano za Wasukuma ni ushirikina mtupu, hazina cha kufundisha darasani, napata moto. Mwalimu mtarajiwa wa historia nitanyamazaje?

Masimulizi yanasema katikati ya karne ya 19 walikuwepo mafundi wawili wa dawa na ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja anadai dawa yake ndiyo kali. Utapimaje? Wakapimana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na vyama hivyo vipo mpaka leo.

Sheria yake nyepesi kuisema tu. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vinacheza saa ileile, uwanja mmoja. Mtazamaji yuko huru kuhama. Mwenye umati mkubwa kashinda, basi. Manju kajiandaa na dawa ya mvuto, lakini mpinzani naye kajiandaa na yake! Dawa zikishatoshana nguvu, na watu wameanza kuhamia ng'ambo, unafanyaje? Hapo ndipo kichwa kinachemka. Wengine wakaja na chatu mzima mzima wakacheza naye, wengine nungunungu, wengine sanamu za mbao zenye mikono ya kuchezeshwa. Bugobogobo, ambayo asili yake ni ngoma ya kulimia, wao wanarusha majembe juu na kuyadaka huku mdundo unaendelea. Na usibweteke, mwakani mpinzani kashaijua mbinu yako.

Marekani mwaka 1974 ulitoka mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons. Wachezaji wanajifanya wachawi na mashujaa, wanabuni namna ya kutumia uchawi kujinasua, halafu msimamizi na dadu wanaamua. Huku kwetu hakuna dadu. Wanaamua watu kwa miguu yao, na ukishindwa linaloanguka ni jina lako kijiji kizima.

Kwa maoni yangu dawa ndiyo iliyomlazimisha manju kubuni. Nguvu yake haionekani, kwa hiyo ilihitaji ushahidi wa macho, na ushahidi huo ulipatikana kwa mazoezi. Ushindi ukaitwa dawa. (Bibi akisoma hapa atanuna.)

Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hakuzifukuza ngoma hizi. Pale Bujora, Kisesa, zilipewa nafasi kwenye sherehe za Ekaristi Takatifu, ndiyo Bulabo ya mwezi Juni. Kutoka Sengerema siku hizi unapita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, unakatiza Mwanza mjini, unashika barabara ya Musoma. Ukifika simama katikati ya uwanja, usiwe na upande. Wao ndio wenye kazi ya kukuhamisha.