Sarakasi ya Serikali

Vijana wa Dunda wakibinuka ufukweni, hakuna anayewaza serikali. Ila fani yao ina mkono wa serikali mbili. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni ili ngoma zetu zirudishiwe heshima. Miaka michache baadaye vijana wakapelekwa China, si kucheza mdundiko, bali kusomea sarakasi. Waliporudi likaundwa kundi la taifa. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, leo TaSUBa, na wasanii wa makundi ya taifa wakawa walimu wake. Wengine waliowafuata tunawaona hapa mchangani.

Wasanii wale walilipwa mshahara na serikali. Mwanamuziki wa bongofleva hujitafutia mwenyewe pesa ya studio na ya video, lakini kufuli bado liko serikalini. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Kesho yake Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe, na aongezee mistari kuhusu wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: je, rais asingeupenda?