Kwa nini folda zako zote zimezaliwa leo?

Hebu fanya jaribio dogo. Chukua diski yako ya zamani, kopi kila kitu kwenda kwenye diski mpya, halafu panga folda kwa tarehe. Mara nyingi utakuta faili za ndani bado zina tarehe zao za 2016 au 2019. Lakini folda zenyewe? Zote zinasema leo.

Utasema, tarehe ya folda ina kazi gani? Ngoja siku urudi kwenye data zako za uwandani, ukute folda "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa", zote za dakika ileile. Hapo ndipo utajua.

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1983, MS-DOS 2.0 ilitoka pamoja na IBM PC XT, kompyuta yenye diski ya megabaiti 10, na hapo ndipo watumiaji wa DOS walipopata folda. Tarehe iliwekewa biti 16 na saa biti 16. Miaka ilihesabiwa kuanzia 1980. Sekunde zilipewa biti 5 tu, na biti 5 haziwezi kuhesabu zaidi ya 31, kwa hiyo zikawa zinaruka mbili mbili. Folda ilipigwa mhuri siku ilipoundwa, basi. Ulipokopi, faili ilisafiri na tarehe yake, lakini folda haikusafiri: iliundwa nyingine mpya yenye jina lilelile. Ni kama kuhamisha masjala. Barua ni zilezile, ila majalada ni mapya na yana mhuri wa leo.

Unix ilikuwa na mantiki nyingine. Kwake folda ni orodha ya majina, na tarehe yake hubadilika jina linapoongezwa, linapofutwa au linapobadilishwa. Sasa angalia mtego uliopo: hata ukiipa folda mpya tarehe sahihi, ukitia faili moja tu ndani, tarehe inarudi kuwa leo. Kwa hiyo lazima ujaze kwanza, kisha ndiyo upige mhuri. Programu kama rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hufanya hivyo ukiiambia itunze tarehe. Robocopy ya Windows nayo inaweza, lakini hadi uiongezee /DCOPY:T. Ukisahau, imekula kwako.

Na kama umeshasahau, na diski ya zamani umeshaifuta? Hapo ndipo vinaingia vile viprogramu vidogo vya kurekebisha tarehe. Kazi yake ni rahisi: kinashuka hadi folda ya ndani kabisa, kinatafuta faili yenye tarehe ya karibuni zaidi, kinaipa folda tarehe hiyo, kisha kinapanda ngazi moja juu na kurudia. Kwenye Unix unaweza kujitengenezea mwenyewe kwa amri ya touch, ambayo ilikuja na toleo la saba la mwaka 1979. Touch ya siku hizi inaweza kuchukua tarehe ya faili moja na kuipa folda.

Lakini tusidanganyane: hapo hujarudisha tarehe ya zamani, umekisia. Kama kitu cha mwisho ulichofanya ndani ya folda ile kilikuwa kufuta faili, hakuna alama iliyobaki. Na kama Windows au Mac imejiwekea faili zake za siri, Thumbs.db au .DS_Store, kiprogramu kisichoziruka kitaipa folda tarehe ya faili ambayo wewe hukuiandika. Unix pia hutunza tarehe nyingine, ya mabadiliko ya taarifa za faili, ambayo touch haikuruhusu kuichagua. Ile itabaki inasema ukweli: folda hii iliguswa leo.

Kwa hiyo, kama diski ya zamani bado ipo, usiifute kwanza. Kopi upya kwa njia inayotunza tarehe, au angalau hifadhi orodha ya folda na tarehe zake kwenye faili ya maandishi. Na kama umeshalazimika kukisia, andika ndani ya folda kwamba tarehe hii ni ya kukisia. Wewe wa miaka mitano ijayo, au msimamizi wako, atajua aiamini kiasi gani.